Mbavu Zilizopikwa Gizani

Bun-rye alifika Geomnae mwezi wa pili mwaka 1971. Kwetu theluji ilianguka nyeupe alfajiri, na kufika saa sita mchana ilikuwa imeshageuka rangi ya masizi, kwa sababu mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa juu ya vichwa vyetu na upepo wote ulishukia huko. Alishuka kwenye treni na mume wake mpya, Ma Sang-deok, akiwa amebeba kichwani furushi la mwani mkavu kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Akasimama, akaziangalia zile nguo, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani dada, hizi umeshazifua au ndiyo unakwenda kuzifua?"

Nilicheka mpaka nikaangusha vibanio. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Tukawa majirani wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na minane.

Nyumba zilikuwa za kampuni, zimepangwa safu safu mlimani, kila familia chumba kimoja na jiko. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu wa upande wa pili akipiga chafya, unamwambia pole bila kuinuka. Kwa hiyo mambo ya Bun-rye nayajua, mengine aliniambia na mengine nilisikia tu, na yeye ya kwangu anayajua vilevile.

Alizaliwa kisiwani Wando, kwa watu wa mwani na chaza. Nguruwe alikuwa akimwona harusini tu, nyama imechemshwa na kukatwa vipande vyembamba, mtu anapata viwili anashukuru. Geomnae nyama ya nguruwe ilikuwa dawa. Wanaume wetu waliamini kwamba mafuta yake huteremsha vumbi la makaa kooni, na daktari wa kampuni aliposema si kweli, walimwambia kwanza ashuke chini siku moja kisha aje aongee. Siku ya mshahara kila mtu alirudi na nyama iliyofungwa kwenye gazeti. Wengi walinunua nyama ya tumbo. Sang-deok alinunua mbavu.

Mwezi ule wa kwanza Bun-rye hakusema kwamba hajui kuzipika. "Niliona nitaonekana si mke," aliniambia baadaye. Alichanganya mchuzi wa soya na sukari na kitunguu saumu, akazichovya mbavu humo, akaziweka moja kwa moja kwenye wavu juu ya moto. Sukari ikashika moto kabla nyama haijapata hata joto. Moshi ukatoka mlangoni, ukatoka dirishani, ukapita kwangu chini ya mapaa. Watu wakaruka nje wakidhani nyumba inaungua.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Eom, mnyapara wa zamu ya Sang-deok, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho. Alikuja na fulana na ndoo ya maji. Akachungulia kwenye wavu. Akaweka ndoo chini.

"Sang-deok," akasema, "sisi tunashuka chini ya ardhi kila siku kutafuta makaa, kumbe mkeo anayatengeneza hapa hapa jikoni!"

Safu nzima ikaangua kicheko. Sang-deok akachukua ubavu mmoja, mweusi ti, akaung'ata. Ndani ulikuwa mbichi, damu ikamchirizika kidevuni. Akatafuna, akameza.

"Imeiva," akasema.

"Imeiva wapi?" akauliza Mzee Eom.

"Nimesema imeiva, mzee. Rudi na ndoo yako."

Bun-rye alikuwa ameshakimbilia ndani. Nikamfuata, nikamkuta amejikunyata nyuma ya furushi lake la mwani.

"Nimemwaibisha, dada."

"Umemwaibisha nani? Mwanamume anayekula damu mbichi mbele za watu akasema imeiva, huyo hajaaibika. Huyo amekupenda. Futa kamasi."

Mwezi uliofuata nilimwonyesha nilivyofundishwa na mama mkwe wangu. Mbavu zinalowekwa kwenye maji baridi, maji yanabadilishwa mpaka yasitoke mekundu. Zinachemshwa mara moja na tangawizi na kijiko cha soya iliyochachuka, ili shombo lote liondoke. Yale maji yanamwagwa, mbavu zinaoshwa, zinachanjwa kwa kisu. Ndipo zinarudi sufuriani na mchuzi wa soya, kitunguu saumu kingi, kitunguu maji kilichokwaruzwa, na pombe kidogo. Moto mdogo. Shira ya nafaka inaingia mwishoni kabisa, mchuzi ukishakaribia kukauka, na hapo huendi popote, unageuza tu. Kwenye wavu mbavu zinapita kupata alama ya moto na kung'aa, basi.

Alinisikiliza kama mtoto wa shule. Kufikia msimu wa pili alikuwa ameshanipita. Mimi napika kwa macho, yeye alipika kwa masikio. "Sikia mapovu," alikuwa akiniambia. "Yakiwa madogo na yana haraka, hayo ni maji. Yakiwa makubwa, yanapasuka moja moja kivivu, shira imeshika." Mbavu zake zilitoka na wekundu wa kahawia, zinang'aa kama kabati lililopakwa vanishi, na nyama ilikuwa ikiachia mfupa ukiigusa kwa ulimi tu.

Tulikulia nje, kwenye jukwaa la mbao mbele ya milango yetu, na majani ya saladi, kimchi ya kabichi iliyochachuka na chupa ya pombe ya soju. Mzee Eom alikuwa anakuja bila kualikwa, na pamoja naye Bang Il-man, mseja wa miaka ishirini na saba aliyeshiriki naye chumba. Il-man alilelewa kwenye nyumba ya yatima, hakuwa na ndugu hata mmoja aliyemfahamu, na alikuwa na mwili wa kufungia mlango.

"Shemeji," alikuwa akimwambia Bun-rye kila mwezi bila kukosa, "kama una mdogo wako anayepika hivi, mlete. Hata kama hana meno."

"Ninaye mmoja. Ana meno yote, ndiyo maana hakutaki."

Sang-deok yeye alikuwa haongei. Alikaa mgongo umeelekea jikoni, akala taratibu kama mtu anayesoma barua ndefu, mfupa mmoja baada ya mwingine. Hakuwahi kukanyaga jikoni. Wanaume wa siku zile hawakuwa na shughuli huko, na hakuna aliyeona ni jambo la kusema.

*

Mwaka 1977, mwezi wa kumi, Jumanne, king'ora kililia saa nne asubuhi.

Kila mke wa Geomnae alijua maana yake. Niliacha kabichi kwenye beseni la chumvi nikakimbia na mikono inachuruzika. Bun-rye alikuwa mbele yangu, binti yake Mi-ran wa miaka minne amemfunga mgongoni. Maji yalikuwa yamepasua ukuta wa handaki la zamani yakaingia kwenye njia ya zamu ya asubuhi. Wanaume wakatoka mmoja mmoja, wamelowa, hawana rangi. Mume wangu alitoka. Nilimkumbatia, halafu nikaona aibu kuwa namkumbatia, kwa sababu Bun-rye alikuwa amesimama pale pembeni anatutazama.

Watu watatu hawakutoka. Mzee Eom, Il-man na Sang-deok.

Siku ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Pampu ziliunguruma bila kusimama. Bun-rye alikaa kwenye mdomo wa mgodi juu ya gunia. Hakulia. Alikunywa maji nikimlazimisha, chakula hakugusa. Siku ya nne mama mmoja wa safu ya juu, mtu mwema tu, alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini kwamba labda ingefaa aanze kutayarisha nguo nyeupe za msiba.

"Mama," Bun-rye akamjibu, "Baba Mi-ran akitaka kufa ataniambia. Huyu hata chooni haendi bila kuniambia."

Yule mama akajiondokea. Mimi niligeuka upande nikauma shati langu.

Siku ya sita, kabla ya mchana, mtu wa pampu aliinua mkono. Wote wakazima mashine. Chini kabisa, kwenye bomba la hewa, kulikuwa na mlio wa chuma kugongwa: mara tatu, kimya, mara tatu.

Waliwatoa saa nane, wamefunikwa taulo machoni. Mzee Eom alilala kwenye machela, Il-man alilala kwenye machela. Sang-deok alikataa machela. Alitembea hatua nne akaanguka magotini.

"Mama Mi-ran?"

"Nipo."

"Nimekonda sana?"

"Unanuka."

Watu walicheka huku wanalia. Nami nilikuwemo.

*

Walikaa hospitali wiki tatu. Jumapili ya kwanza baada ya kuruhusiwa, Bun-rye alinunua mbavu za watu kumi. Baridi ilikuwa imeshaingia, lakini jua lilikuwepo, tukatandika mablanketi kwenye jukwaa. Mzee Eom alikuja na fimbo. Il-man alikuja nguo zinampwaya. Bun-rye mwenyewe ndiye aliyemwekea ubavu wa kwanza kwenye bakuli.

Il-man akauma. Akatafuna. Akaurudisha bakulini, akautazama.

Bun-rye akaacha kugeuza mbavu.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akasema. "Ni tamu. Ni tamu mno. Lakini gam ziko wapi?"

"Gam gani?"

"Zile gam, matunda yale mekundu ya vuli. Zilizoiva mpaka ndani zimekuwa uji. Si unazimenya, unazikamua kwa mkono, unazipaka kwenye mbavu kabla ya mchuzi wa soya?"

"Mimi?"

"Na majani ya msonobari," akadakia Mzee Eom. "Yale unayotandika chini ya sufuria. Binti, mimi niliyasubiri yale majani ya msonobari siku nzima. Leo yako wapi?"

Bun-rye akamgeukia mume wake. Sang-deok alikuwa anachunguza kikombe chake kitupu.

Ndipo Mzee Eom akatueleza, na huko nyuma hakuna aliyekuwa amesema chochote juu ya siku zile sita. Alisema walikuwa juu ya kishubaka cha mwamba, maji yapo chini ya miguu yao. Chakula walichobeba walikimaliza siku ya kwanza. Taa zilizimika siku ya pili. Baada ya hapo usingizi ukaanza kumchukua yeye, usingizi mzito usio wa kawaida, na Sang-deok akahofu kuwa mzee akilala haamki tena. Akasema, jamani, kila mtu apike. Kwa mdomo. Polepole, asiruke kitu.

"Il-man akaanza," Mzee Eom akasema. "Akapika tambi za pakiti. Chemsha maji, weka tambi, kwisha. Zikaiva palepale, tukabaki na giza letu."

"Ndicho ninachojua kupika!" Il-man akalalamika.

"Nikapika mimi. Supu ya samaki ya marehemu mke wangu. Nilifika kwenye figili nikashindwa kuendelea, nikaanza kulia, na kulia kunamaliza maji mwilini. Ndipo huyu akasema, haya, sasa mbavu za Mama Mi-ran." Akamnyooshea Sang-deok fimbo. "Alizipika siku mbili na zaidi. Kila akikaribia kuepua, mimi nalala. Ananizaba kofi. 'Mzee, bado! Tumesahau gam!' Naamka, tunamenya gam. Nikilala tena, kofi. 'Mzee, msonobari!' Sijawahi kupigwa makofi mengi hivyo maisha yangu yote, na sijawahi kuwa na njaa tamu kama ile."

Tulicheka, lakini Bun-rye hakucheka.

"Baba Mi-ran," akasema, "umekula mbavu zangu miaka sita. Hujui naweka nini?"

Sang-deok aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya yalimtoka kwa shida.

"Nilijua mpaka kwenye mchuzi wa soya. Hapo nikaishiwa. Nimekaa hapa miaka yote hii na mgongo wangu kwako, sijawahi kugeuka nikaangalia. Nikaona nikifika mwisho tutanyamaza, na tukinyamaza mzee anakwenda. Nikatafuta cha kuongeza. Nikakumbuka gam za nyumbani kwa mama, Sangju. Nikatia."

"Na msonobari?"

"Zile nguzo za kushikilia dari ni za msonobari. Harufu yake ilikuwa puani mwangu muda wote."

Bun-rye akainuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Wanaume wakatazamana. "Umeshaharibu," Il-man akamnong'oneza Mzee Eom. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea mtungi wa maji, amejifunika uso kwa aproni, mabega yanatikisika. Nilikaa tu. Baada ya muda akanawa, akatoka, akasimama mbele ya mume wake na mikono kiunoni.

"Jumapili ijayo unakuja jikoni. Unasimama pale, unaona kwa macho yako. Ukifukiwa tena huko chini, usinipikie uongo."

*

Jumapili ile kila mtu wa safu yetu alipata sababu ya kupita mbele ya mlango wa Bun-rye. Mume wangu alipita mara tatu na ndoo ileile tupu. Sang-deok alikuwa amesimama kando ya jiko, aproni ya maua imefungwa juu ya tumbo lake lililokonda, anakwaruza kitunguu machozi yanamtoka.

"Sang-deok! Aproni imekukaa! Unajifungua lini?" mtu akapaza sauti kutoka nje.

"Nikijifungua nitakuita ufue nepi."

Bun-rye alikuwa amekwenda sokoni mjini kutafuta gam. Zinaletwa na lori kutoka kusini, zimepangwa kwenye majani makavu ya mpunga, laini kiasi kwamba ukizishika vibaya zinakupasukia mkononi. Majani ya msonobari aliyachuma mwenyewe mlimani. Alitaka kupika vilevile kama zilivyopikwa kule chini, bila kupunguza kitu.

Msonobari haukufaa. Sufuria ilinuka dawa ya kusugua mgongo, tukayatupa majani yote. Lakini zile gam! Alizikamua, akazipaka kwenye mbavu zilizochemshwa, akaziacha kidogo, halafu mchuzi wa soya ukafuata. Ziliyeyuka zisionekane tena. Shira aliyozoea kutia ikapungua nusu, maana utamu ulikuwa umeshaingia ndani ya nyama. Zilitaka kuungua upesi, ikabidi ainue wavu juu kwa matofali mawili. Na zilipong'aa, zilikuwa na mng'ao mwingine, mwembamba, unaona nyama chini yake kama mtu aonavyo kokoto ndani ya maji safi.

Alionja. Akaonja tena.

"Vipi?" Sang-deok akauliza.

"Mama yako ndivyo alivyokuwa anapika?"

"Mama hakuwahi kupika mbavu. Nyama tungeitoa wapi? Tulikuwa na mti wa gam, basi."

Mama mkwe huyo Bun-rye hakumkuta, alifariki Sang-deok akiwa jeshini. Bun-rye alisimama na mwiko mkononi akimtazama mume wake kama vile amemwona leo.

"Kamenye nyingine," akamwambia.

Mzee Eom hakurudi mgodini. Alipanda milimani zaidi akalima kabichi, na kila vuli lori lililoshuka kutoka kule lilituachia mzigo. Sang-deok na Il-man walirudi chini majira ya kuchipua. Watu wa mjini wakisikia habari hii huniuliza, walirudi kwa nini? Nawajibu, walikuwa wachimbaji. Sisi wake tuligeuza viatu vya wanaume vilivyobaki mlangoni vielekee ndani ya nyumba kila walipotoka, ishara ya kuwaita warudi, kama kawaida, tukaendelea.

Lakini Sang-deok alikuwa amebadilika. Mwezi baada ya mwezi alikuwa jikoni. Mwanzo kumenya, halafu kuchanja nyama, na baadaye akawa ndiye mwenye wavu. Ukutani kwangu nilikuwa nawasikia.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Wewe sikia mapovu. Una masikio ya urembo?"

Miaka ile, nikiikumbuka, inanijia na harufu. Wakati wa jioni nyepesi ya mwezi wa tano, wanaume wametoka kuoga bafu la kampuni, nywele zimelowa, kope tu ndizo zimebaki na wanja wa makaa kama waigizaji. Nyavu kumi zimewaka mbele ya milango kumi, mtu anamwita mtu, sahani zinavuka kutoka mlango hadi mlango. Nilikuwa nanung'unika kila siku kuhusu vumbi na baridi na ukuta usioficha siri. Laiti ningejua. Ningenung'unika kwa sauti ya chini kidogo, niwasikie wengine.

*

Mwaka 1989 mgodi ulifungwa. Walisema nchi sasa inatumia gesi na mafuta. Kila wiki lori moja lilipakia kabati, magodoro na mitungi ya kimchi, na kila wiki mlango mmoja ukabaki hauna viatu mbele yake. Il-man, ambaye alikuwa ameshaoa mshonaji mwenye meno yote, alikwenda Ulsan kwenye kiwanda cha meli. Sisi tulikwenda Wonju. Bun-rye na Sang-deok walihamia Ansan, ghorofa ya nane, na Mi-ran baadaye akapata kazi ya ofisini huko.

Nilikwenda kuwatembelea mwaka wa pili. Jiko la gesi, vigae vyeupe, dirisha lisilofunguka vizuri. Bun-rye alijaribu kuweka wavu kwenye gesi, na kabla hata mbavu hazijapata rangi jirani wa juu aligonga mlango, mwanamke mwenye vibanio kichwani.

"Kuna moto?"

"Hakuna moto. Kuna chakula."

"Basi moshi wenu umeingia kwenye nguo zangu nilizoanika."

Bun-rye akamtazama, akanitazama mimi, na wote wawili tukacheka vibaya sana, yule mama akaondoka amekasirika. Kesho yake Bun-rye alimpelekea sahani. Tangu hapo alipikia kwenye kikaango kipana cha chuma, anazungusha mbavu ndani ya mchuzi wake mpaka unazishika. Hazina harufu ya moto, lakini ni zake.

Mapafu ya Sang-deok yalikuwa yameanza kukaza. Vumbi lilikuwa humo miaka yote, nyama haikuliteremsha popote. Kwanza akashindwa ngazi, halafu akashindwa kusimama jikoni. Bun-rye alimletea kazi mezani: kumenya vitunguu saumu, kukamua gam. Alikamua taratibu, akipumzika kati ya moja na nyingine, mirija ya hewa puani. Mwishoni hakuweza kutafuna. Bun-rye alikuwa anamkatia nyama kwa mkasi, vipande vya ukubwa wa punje, anaviweka juu ya uji.

Alifariki majira ya kuchipua mwaka 1996. Il-man alikuja kutoka Ulsan, mvi zimemjaa, akakaa msibani siku tatu akipokea wageni kama mdogo wa marehemu. Hakuna aliyemuuliza wewe ni nani. Siku ya tatu Bun-rye alimpikia. Alikula sahani nzima analia, anapenga kamasi, anakula tena, na Bun-rye amekaa mbele yake anamwongezea.

"Shemeji, zimeshika," akasema.

"Zimeshika. Kula."

Mume wangu naye alifariki mwaka 2004. Kabla sijamaliza kupanga nguo zake, simu ililia, ni Bun-rye.

"Dada, chumba kipo. Ukuta wa huku ni mnene, hutanisikia nikikoroma."

"Nitakusikia tu."

"Basi njoo usikie."

Nimekaa naye tangu hapo. Mara moja tulirudi Geomnae kwa treni, vuli moja, vikongwe wawili na mikoba. Safu zetu hazipo. Pameota nyasi, na sehemu ya nyumba ya Mzee Eom ni maegesho ya magari ya watu wanaokuja kutembea milimani. Mto tuliouzoea mweusi siku hizi ni safi, una samaki wadogo. Bun-rye alisimama darajani muda mrefu.

"Wameusafisha vizuri," akasema. Kisha akasema, "Twende, miguu inaniuma," akashika njia ya stesheni.

Ana miaka sabini na tano sasa. Goti la kushoto linamsumbua, na hasikii vizuri kwa sikio la upande huo, kwa hiyo kikaango anakiinamia. Mara moja kwa mwezi Mi-ran anakuja na mume wake na watoto wao wawili, ambao ni wakubwa wana kazi zao, tunapika kilo tatu. Mimi naloweka na kuchemsha, yeye anapaka na kugeuza. Tunagombana juu ya chumvi. Mkwe anapiga picha sahani kabla ya kula, Bun-rye anamwambia zinapoa. Wakishaondoka tunaosha vyombo, nafuta meza, yeye anachemsha chai ya shayiri na kuwasha tamthilia ya saa mbili, na mimi namweleza wanasema nini.